Habari za Nigeria

Kibaigwa, saa nne asubuhi. Vumbi la mahindi
limetupaka kope nyeupe, vijana kwa wazee.
Mimi nashona midomo ya magunia.
Shazia, kamba ya katani, mishono kumi na miwili, fundo.
La kwanza mia mbili, la hamsini mia mbili.

Redio ya Yaledi imefungwa kwa mpira wa baiskeli
juu ya mizani iliyokufa tangu masika
na ambayo bado tunailipia ushuru.
Inasema: Nigeria, mafuta yamepanda.
Inasema: Nigeria, wananchi wanalalamika.
Basi. Makuli wanatua mizigo.

"Nchi ina visima vya mafuta," anasema Yaledi,
"na watu wake wanapanga foleni na madumu!"
"Mwenye zizi anakunywa chai ya rangi," anadakia Mbeleselo.
"Huko mkubwa akiahidi bomba la maji
anatangulia mpiga picha,
linafuata jiwe la msingi,
halafu jiwe linabaki peke yake, mbuzi wanalikojolea."

Tukanyamaza kidogo.
Jiwe hilo tunalijua. Liko nyuma ya zahanati.

Hakuna kati yetu aliyefika Nigeria.
Tunaijua kwa sinema: nguzo nyeupe, chifu wa kofia nyekundu,
mama mkwe na kichupa chake cha sumu.
Lakini Nigeria ni pana, inaenea.
Mchango wa madawati unaodaiwa mara ya tatu, Nigeria.
Muuguzi anayekuandikia dawa
ukanunue dukani kwa shemeji yake, Nigeria.
Na lumbesa, gunia lililovishwa kilemba,
madebe manane ndani, mkulima analipwa sita,
ah, hao Wanigeria wanatuibia sana.

"Nasikia huko," anasema Sechelela wa uji,
"kijana ana digrii na anabeba mizigo."
Hakumtazama Yaledi.
Yaledi hakumtazama mtu.
Cheti chake kiko kwa mama yake, ndani ya nailoni.

Pikipiki ikazima. Mtendaji.
Viatu vyake vina vumbi letu lile lile.
"Mnazungumza nini?"
"Nigeria, mheshimiwa."
"Hao!" akasema, akavuta gunia tupu, akaketi.
Nikangoja neno la kutufunga midomo,
shazia imesimama hewani.
Akachungulia barabarani kwanza. Kisha, kwa sauti ya chini:
"Huko Nigeria mtendaji ana miezi mitano hajaona posho.
Mafuta ya pikipiki anajitilia.
Akiuliza, anaulizwa nani kamtuma kuuliza."

Hakuna aliyecheka.
Sechelela akammiminia uji, kikombe kikubwa.
Hakumdai.

Nimeshona tangu binti yangu hajaota meno,
na najua kitu kimoja:
gunia likijazwa kupita kiasi, kamba peke yake haitoshi.
Unaongeza wavu, unaunga kitambaa, unabana kwa goti,
na bado punje zinapenya.
Kuku wa sokoni wanalijua hilo kuliko halmashauri.

Usiku Nyemo anafungua daftari la jiografia.
"Mama, makao makuu ya Nigeria yalihamishwa?"
"Yalihamishwa. Kutoka pwani kwenda katikati."
"Kama sisi?"
"Kama sisi. Andika."

Anaandika. Taa ya sola inafifia.
Nami nawaza kama huko, kwenye soko fulani la nafaka,
yupo mwanamke mwenye shazia,
pua imejaa vumbi la mtama,
redio yao inataja Tanzania,
naye anatikisa kichwa, anasema kwa sauti kubwa:
"Tanzania! Wale jamaa wana shida kweli."

Halafu anageuka nyuma
aone nani amesikia.